Kumi na Tatu Toa Saba

Mtaani kwao walimwita Mwalimu tu, kana kwamba hapakuwa na mwingine duniani. Miaka thelathini na minne alifundisha darasa la pili, chumba kile kile chenye ubao uliopasuka pembeni, na akastaafu akiwa na magoti mabovu na sauti nzima. Sauti hiyo, nakwambia, haikustaafu. Akipita barabarani, fundi baiskeli mwenye mvi kichwa kizima huficha sigara mgongoni, maana naye alipita mikononi mwake na bado anaikumbuka rula. Ilikuwa rula ya mbao, ndefu, na watoto waliipa jina Kiranja. "Leo Kiranja kaamka vibaya," walikuwa wakinong'onezana mlangoni. Mwalimu alisikia, akajifanya hasikii, na moyoni aliona fahari. Watoto wake walijua hesabu, bwana! Aliyetoka kwake bila kujua kutoa kwa kukopa alikuwa wa kutafuta kwa tochi, na katika hao wachache, ole wake, mmoja alikuwa wa tumbo lake mwenyewe.

Magoti yalipogoma kabisa, alihamia kwa huyo huyo bintiye. Ni nyumba ya vyumba viwili na kibaraza, na kibarazani ndiko kuna cherehani, meza ya kukatia na pasi ya mkaa. Bintiye ni fundi wa nguo, na mtaa mzima unamwita Fundi. Mkono wake ni mwepesi, mshono wake umenyooka, na wazazi wa shule tatu hushonesha sare kwake. Lakini ana mambo yake. Utepe wa kupimia anao, unaning'inia shingoni kama wa mafundi wote, ila ule ni pambo. Fundi anapima kwa kamba. Mteja akija, anachukua kamba nyembamba, anaizungusha kifuani, anafunga fundo. Kiunoni, fundo. Kutoka begani hadi kwenye kiwiko, fundo. Kisha kamba inatundikwa msumarini pamoja na kipande cha kitambaa cha mwenyewe, wala haiandikwi namba hata moja.

Wateja walimtania. "Fundi, kamba yangu uliianika juani nini, mbona imesinyaa?" mama mmoja mnene alilalamika, gauni limembana mpaka anaongea kwa pumzi za mkopo.

"Kamba haijasinyaa, dada," Fundi akajibu, pini zimejaa mdomoni. "Wewe ndiye umeumuka."

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu hakucheka. Ukuta ule wa kamba alikuwa akiutazama kila asubuhi anapokunywa chai, mpaka chai inapoa. Wengine waliona ufundi wa kujibunia. Yeye aliona mtu mzima anayezikimbia namba, na alijua nani alimfukuza.

Na kulikuwa na jambo la pili, ambalo wageni walilidhani ni utani wa nyumbani. Fundi hakumwita mama yake mama. Alimwita Mwalimu, kama mtaa ulivyomwita. "Mwalimu, maji ya kuoga tayari." "Mwalimu, umekunywa dawa ya magoti?" Adabu tele, dawa kwa wakati, chakula cha moto. Angeanzia wapi kulalamika, na kwa nani, hata aeleweke?

Siku ile ile aliyohamia, begi halijafunguliwa, Fundi alimwekea mambo wazi. Walikuwa wawili tu kibarazani, na mtoto alikuwa shuleni.

"Mjukuu wako ni wako," Fundi alisema. "Msuke, mwogeshe, msimulie hadithi mpaka asinzie. Hesabu usimguse."

"Mimi? Nisimguse hesabu mjukuu wangu?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nakuomba hilo tu."

Akakubali. Ungekuwa wewe ungesemaje, huna kwako, na anayekuomba ndiye anayekupakulia? Akakubali, akaenda kupanga nguo zake kwenye sanduku.

Mjukuu mwenyewe alikuwa wa kike, miaka saba, darasa la pili, na jina la nyumbani Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kufungwa. Aliongea akila, aliongea akioga, na meno ya mbele yalipong'oka aliongea kwa kupitia kwenye pengo. Baba yake alishaenda zake siku nyingi, na hakuna aliyekuwa akimtaja. Chiriku na bibi yake walipatana tangu siku ya kwanza. "Mke mwenzangu huyu," Mwalimu alimwita, na Chiriku akamjibu kwamba mume wao kama angekuwepo asingemchagua mwenye magoti yanayolia kama mlango.

Muhula ulipofika katikati, Chiriku akarudi na barua kutoka kwa mwalimu wake wa darasa. Kwenye majaribio ya hesabu alikuwa amepata sifuri, mbili, sifuri, tatu. Asipopata nusu ya alama kwenye mtihani wa mwisho wa muhula, angerudia darasa la pili. Fundi aliisoma barua amesimama, akaikunja, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kifungo cha koti.

"Atarudia," alisema. "Hajafa mtu."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Thelathini na minne, miaka yote hiyo, watoto wa watu wakifaulu kwa makumi, na sasa damu yake inarudia darasa mbele ya macho yake, naye amekaa hapo kama gunia.

Kesho yake jioni akatoka kuota jua mlangoni, akamkuta Chiriku na watoto wa jirani wamechuchumaa wanacheza kadi. Ni zile kadi zinazotoka ndani ya pakiti za biskuti, kila moja ina picha ya mnyama, na pembeni juu kuna namba ya nguvu zake. Chui ana tisa, nyati ana kumi, swala ana nne, kobe maskini ana mbili. Kila mmoja anatupa kadi mbili chini, mwenye nguvu nyingi anazoa zote. Chiriku alitupa nyati na swala. Mwenzake akatupa chui na fisi.

"Kumi na nne kwangu, kumi na tano kwako," Chiriku alisema bila hata kupepesa, "chukua, lakini usizoee." Raundi iliyofuata alizoa yeye, na iliyofuata pia, na kila mara ndiye aliyetangaza hesabu kabla wenzake hawajakunja kidole.

Ala! Mwalimu akasimama pale amejishikilia kwenye mwimo wa mlango. Huyu ndiye wa sifuri, mbili, sifuri, tatu?

Basi ndipo akavunja ahadi. Jumanne na Ijumaa Fundi alikuwa akienda kupeleka sare zilizokwisha na kuchukua vitambaa, anaondoka saa nane anarudi saa kumi na moja. Katika hayo masaa, bibi na mjukuu wakaisafisha meza ya kukatia, wakatandaza kadi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alikuja na kadi sabini na nne kwenye mfuko wa plastiki.

Mwalimu alianza na jambo dogo. "Kila kadi ina rafiki yake," alisema. "Rafiki ni yule ambaye wakisimama pamoja wanakuwa kumi. Nitafutie rafiki wa saba." Chiriku akapekua, akamleta ngedere mwenye tatu. Rafiki wa nane? Kobe. Rafiki wa nyati? Chiriku akafikiri, akasema nyati hana haja ya rafiki, anajitosha, ana maringo. Mwalimu akacheka. Kisha wakaacha namba za nguvu, wakahesabu kadi zenyewe: kumi zikitimia wakazifunga kwa mpira mwembamba, zikawa fungu, na fungu halifunguliwi mpaka kuwe na shida ya kukopa. Ndani ya siku nne za masomo mtoto alikuwa anajua kumi na mbili ni fungu moja na wawili wanaorandaranda nje.

Ila hakuacha vituko vyake. Siku moja Mwalimu aliweka chui na swala. "Tisa na nne?"

"Tisa," Chiriku alisema.

"Tisa na nne, mjukuu wangu. Jumlisha."

"Nimejumlisha, Bibi. Ukiwaweka pamoja chui anamla swala. Anabaki chui. Tisa."

Zamani, mtoto angethubutu kusema hivyo mbele ya ubao? Kiranja angeshaongea. Sasa Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi na ukingo wa khanga, wakakubaliana kwamba chui ameshiba, ndipo jibu likawa kumi na tatu. Lakini katikati ya kile kicheko wazo likamkatiza. Kumbe angeweza! Kumbe kucheka darasani hakuui mtu, na mtoto anajifunza vile vile, tena upesi zaidi. Ni watoto wangapi walitaka kumwambia habari ya chui na swala, wakaogopa? Alijaribu kutofikiria, akashindwa.

Zikabaki siku sita mtihani ufike. Ijumaa hiyo Mwalimu akaona wakati umewadia wa kuacha kadi na kujaribu kwa maandishi, maana kwenye mtihani hakuna chui. Kila mwalimu wa darasa la pili ana hesabu yake ya mtego, ile ya kumkamata aliyekariri bila kuelewa, na yeye alikuwa nayo moja miaka yote thelathini na minne. Akachukua karatasi la kukatia, akaandika kwa chaki ya fundi, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. 13 − 7.

"Haya. Taratibu."

Chiriku akaitazama. Akanyamaza. Chiriku, kunyamaza! Akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na mikono yote miwili ikapotea chini ya meza. Ikapita dakika. Mabega yalikuwa yanacheza kidogo kidogo, macho yako mapajani, midomo inatikisika.

Hapo Mwalimu alipandwa na kitu. Sijui nikiiteje. Ni mwili unaokumbuka kazi yake kuliko mwenyewe anavyokumbuka. Alishtukia amesimama, magoti na ubovu wake, na sauti imeshatoka, ile ile ya kuwanyamazisha watoto sitini. "Mikono juu ya meza! Unachezea nini huko chini?"

Mtoto akaruka. Kadi zikamwagika sakafuni. Na Mwalimu akaona kwamba mkononi ameshika rula ya Fundi ya kupigia mistari, ya mbao, ndefu, na hakukumbuka ameichukua saa ngapi.

"Sichezi, Bibi," Chiriku alisema, mdomo unamcheza. "Natoa. Nilikuwa nao kumi na tatu hapa. Hawa saba nimewabana chini ya paja wasijichanganye. Waliobaki ndio nilikuwa nawahesabu."

Mwalimu akatazama sakafuni. Zilizomwagika kutoka mapajani zilikuwa sita. Paja la mtoto lilipoinuka, zile saba zilikuwa bado pale kwenye benchi, zimepangwa, zina joto.

Akakaa.

Maana alikwisha kuyaona haya yote. Kidevu kifuani, mikono chini ya dawati, midomo inatikisika. Dawati la tatu upande wa dirisha, na aliyeketi hapo alikuwa bintiye, huyu huyu Fundi, akiwa na miaka minane. Mwaka ule kulikuwa na maneno shuleni. Binti alikuwa amepata namba ya kwanza muhula uliotangulia, na mzazi mmoja akaenda ofisini kusema, mtoto wa mwalimu atakosaje kuwa wa kwanza, si anapewa majibu nyumbani? Mwalimu aliposikia alivimba kwa hasira, akaapa kuwaonyesha. Tangu siku hiyo, walipotoka nyumbani alimwachia binti mkono kabla hawajafika getini. Wengine wakipigwa rula moja, wake alipigwa mbili. Walimu wengi wamefanya hivyo kwa watoto wao na wakajisifu kwa haki, naye alijisifu.

Siku yenyewe aliandika ubaoni kumi na tatu toa saba, akageuka, akamwona binti kichwa chini. Akamfuata. Mapajani akakuta kadi, za ndege, zile zilizokuwa zinatoka kwenye peremende siku hizo. Mtoto wa mwalimu, somo la hesabu, anacheza kadi! Akamsimamisha mbele. Kisha akafanya jambo ambalo siku ile aliliona la werevu kabisa, hata akalisimulia ofisini wakati wa chai. Akazichana kadi moja moja, na darasa zima akaliamuru lihesabu kwa sauti. Moja! Mbili! Tatu! Watoto walifurahi, walipiga meza. Zilifika kumi na tatu. Mpaka mwisho wa mwaka walimwita mtoto yule Kumi na Tatu, kwenye foleni ya maji, njiani, kila mahali. Hakunyoosha tena mkono. Alishuka mpaka mkiani, akamaliza shule kwa kusukumwa, akapelekwa kujifunza kushona.

Na Mwalimu miaka yote hiyo alikuwa na jibu lake tayari: mtoto alipenda mchezo, mimi nilitimiza wajibu. Jibu hilo lilimlaza usingizi miaka thelathini na zaidi. Sasa jibu la kweli lilikuwa limekaa pale kwenye benchi, kadi saba upande mmoja na sita sakafuni.

Kadi zilikuwa kumi na tatu! Alizihesabu mwenyewe, kwa sauti, na darasa zima, na hakusikia anachohesabu.

"Chiriku, toka nje ukacheze."

Ilikuwa sauti ya Fundi. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya kibaraza, furushi la vitambaa kichwani. Dukani siku hiyo hapakuwa na foleni, amerudi mapema, na aliusikia ule ukelele tangu kona ya barabara. Chiriku akapita pembeni mwake bila neno. Fundi akatua furushi. Akaja mezani, akatazama karatasi, akatazama kadi, akanyoosha mkono na kuitoa ile rula mkononi mwa mama yake, kidole kimoja kimoja, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Nilikuomba jambo moja," alisema.

"Ulikuwa unatoa," Mwalimu alisema. Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Siku ile, mwanangu. Hukuwa unacheza. Ulikuwa unatoa."

Fundi akaitazama tena ile hesabu kwenye karatasi. Nje Chiriku alikuwa ameshaanza kuongea na mtu.

"Sita," Fundi akasema mwishowe. "Nilikuwa nayo mdomoni. Nilikuwa nahesabu mara ya pili, nisije nikakosea nikakuaibisha."

"Mbona hukusema? Ungesema!"

"Nilisema. Nilisema, 'Mama.' Ukaniambia, 'Hapa hakuna mama, hapa kuna mwalimu.'"

Hilo Mwalimu hakulikumbuka. Alitafuta kichwani, akatafuta, akakumbuka ubao, akakumbuka dirisha, hata rangi ya wale ndege akaikumbuka. Neno hilo hakulipata, na alijua kabisa kwamba alilisema, maana lilikuwa neno lake.

"Nisamehe," alisema. "Mwanangu, nisamehe. Pole. Ni miaka mingapi, na mimi..."

"Nilikusamehe zamani. Nisingekusamehe ungekuwa unakula kwangu?" Fundi aliiweka rula juu ya kabati, mahali ambapo mwenye magoti mabovu haifikii. "Ila hiyo pole sina pa kuiweka. Aliyekuwa anaitaka alikuwa na miaka minane. Aliingoja wiki nzima, kila jioni, ukisahihisha madaftari. Baadaye akachoka."

Mwalimu akainamisha kichwa.

Fundi akachuchumaa, akaziokota zile sita sakafuni, akazikung'uta vumbi, akaziweka mezani karibu na zile saba. Akaenda kwenye ngazi, akamwita mtoto wake. Chiriku akachungulia kwanza, akamtazama bibi, akamtazama mama, ndipo akaingia na kupanda kwenye benchi.

"Mfundishe," Fundi alisema, ameshageukia cherehani, anapitisha uzi kwenye sindano. "Huyu bado ana miaka saba. Akitaka kuhesabu mara mbili, mngoje."